Shamba Linaloitwa Kwa Mwalimu

Nabintu, mama yangu niliyekuzaa mimi mwenyewe,

Mambo ya sweta, ya pasipoti kukaa mfuko wa ndani, ya kutosinzia uwanjani begi likiwa mbali na mguu, hayo yote mama yako ameshakwambia, na kesho atayarudia njiani mpaka dereva naye ayajue kwa kichwa. Sina la kuongeza hapo. Katika nyumba hii maagizo ni idara ya mama yako. Mimi niliachiwa maoni, na maoni yangu huwa hayaombwi.

Nakuandikia kwa sababu tangu ile siku ya mezani mimi na wewe tunasalimiana kama watu waliokutana kwenye lifti. "Sharp, Papa." "Sharp, mama." Halafu mlango. Kesho unapanda ndege kwenda Amerika, na sitaki hiyo "sharp" iwe ndiyo neno la mwisho ulilolibeba kutoka kwa baba yako. Kusema uso kwa uso nimejaribu, nikaishia kukuuliza kama umekula. Wanaume wa ukoo wetu ndivyo tulivyo. Jambo likitushinda kulisema, tunauliza habari ya chakula.

Halafu iko habari ya kipande cha ardhi. Ukifika kwa shangazi yako Mapendo, kule Iowa, atakutembeza shambani kabla hujafungua begi, maana ndivyo anavyomfanyia kila mgeni, hata mchungaji. Kule kila shamba lina jina lake. Nyuma ya banda la trekta atakuonyesha kipande kidogo, atakwambia, "Hapa panaitwa Kwa Mwalimu," kisha atacheka mpaka ashike kiuno. Mwalimu huyo ni mimi. Sijawahi kufundisha darasa hata moja katika maisha yangu. Nusu ya hadithi hiyo umeisikia kwenye simu, ile nusu inayochekesha. Nataka nusu nyingine uisikie kwangu, kwa sababu shangazi yako akisimulia jambo, linanenepa.

Lakini nianze na mezani.

Ulisema umepata nafasi kwenye chuo cha kilimo karibu na kwa shangazi yako, kwamba utakaa kwake, na likizo utafanya kazi shambani. Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nikaweka kijiko chini.

"Nimesimama kwenye jua la maegesho miaka yote hii," nikasema, "ili mtoto wangu arudi kwenye jembe?"

"Papa, kule hakuna jembe. Iko trekta."

"Trekta ni jembe lenye kiti."

Mama yako alicheka. Wewe hukucheka. Ukanitazama vile alivyokuwa akinitazama mama yangu, yule uliyepewa jina lake, ukasema, "Basi wewe unalinda nini, Papa? Magari ya watu. Hata funguo hawakuachii."

"Eish, Nabintu!" mama yako akasema.

Nikatoka, nikaenda kusimama kwenye ngazi kama mtu anayesubiri mvua. Sikukasirika kwa sababu ulinitukana. Hukunitukana, ulisema kweli kwa ufupi, na ukweli mfupi ndio unaochoma. Kilichoniuma ni kwamba na mimi niliwahi kumwambia mama yangu neno la kumkata hivyo, tena mimi nililisema kwa adabu. Na adabu yenyewe ndiyo iliyoharibu.

Sasa sikiliza habari za watu wako.

Kwetu, kwenye vilima vya juu ya ziwa, hatukupanda maharage ya rangi moja. Mwanamke aliyepanda rangi moja tungemwonea huruma, kama mtu aliyezaa mtoto mmoja halafu akampeleka jeshini. Kila nyumba ilikuwa na mchanganyiko wake: meupe, mekundu, meusi madogo, ya njano, yenye madoa kama yai la kware. Yote yalikwenda shimoni pamoja, yanatambaa na kupandiana kama watoto kitandani. Mtu wa nje aliona vurugu. Mama yangu aliona kazi imegawanywa. Meusi madogo yaliwahi kuiva, basi yaliitwa shemeji, kwa sababu hufika kabla chakula hakijawa tayari. Mekundu makubwa yalivumilia mvua nyingi, lakini jikoni yalikula kuni vibaya sana. Hayo yaliitwa mama mkwe. Ya njano yalistahimili jua. Meupe yalikuwa mazuri kwa macho na matamu mdomoni, na mvua ikizidi yalikuwa ya kwanza kuoza. Mama alikuwa akisema, "Hatujui mwaka huu mvua inakuja na hasira gani. Tuma watu wa kila namna wakaipokee."

Kila msimu kabla ya kupanda alikaa juu ya mkeka akachanganya. Konzi ya hili, nusu konzi ya lile, anarudisha kidogo, anaongeza. Hakupima kwa chochote. Ulikuwa ni ujuzi wa wanawake, na mimi, mtoto wa kiume aliyepelekwa shule, niliuona ni mchezo.

Nikarudi likizo moja kutoka Bukavu, nikiwa na suruali ndefu na akili fupi. Sokoni Bukavu nilikuwa nimeona magunia ya mfanyabiashara, maharage meupe matupu, punje zote sawasawa kama meno ya tajiri. Nikamwambia mama yangu, "Mama, hii yenu ni vurugu. Watu wa mjini hawanunui vurugu." Nikamkalisha Mapendo chini, tukaanza kuchambua. Meupe huku, mengine kule. Mapendo alikuwa mkubwa kwangu, na alinung'unika tangu asubuhi.

"We Mwalimu, na haya mekundu yamefanya dhambi gani?"

"Yatapikwa."

"Na meusi?"

"Yatapikwa."

"Basi tutakula mbegu kama panya," akasema, na jina la Mwalimu likanikaa tangu siku ile.

Mama alisimama mlangoni akitutazama muda mrefu. Mwisho akasema, "Wewe ndiye umesoma." Miaka mingi nilidhani alinidhihaki. Sasa, kwa kuwa na mimi nimelipia mtoto shule, nadhani alitaka sana niwe nimesema kweli. Mzazi aliyejinyima kwa ajili ya masomo yako yuko tayari kukuamini kuliko anavyoamini macho yake. Uwe na huruma na jambo hilo ukirudi hapa na shahada yako.

Tukapanda meupe matupu, kwa mistari, kwa kamba. Shamba lilipendeza hata watu wakapita makusudi kulitazama. Kisha mvua ikaja na ile hasira yake, haikupumua. Maharage yakaoza kwenye shina, yote kwa pamoja, kwa utii mkubwa. Lile shamba mama akaliita Kwa Mwalimu. Kwetu mashamba hupewa majina ya mambo yaliyotokea humo, ili watu wasirudie. Hapo ndipo shangazi yako huishia kusimulia, anakunywa maji, watu wanacheka. Na kweli, inachekesha.

Nusu ya pili ni hii. Msimu mwingine ulifika, nasi hatukuwa na mbegu. Mama akachukua kikapu, akaniambia, "Twende, utabeba." Tukaenda nyumba kwa nyumba. Nilitaka ardhi inimeze. Nilijua tunakwenda kuomba. Lakini mama hakuomba. Aliingia, akaketi, akauliza hali ya watoto, hali ya mbuzi, hali ya mgongo wa mzee. Halafu mwenye nyumba aliinuka mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na konzi ya maharage. "Haya yalitoka kwako," akasema, "ule mwaka wa jua." Nyumba ya pili vivyo hivyo: "Haya mama mkwe ulinipa nilipoolewa." Kumbe mbegu zetu hazikuwa zimeisha. Zilikuwa zimelala kwa majirani.

Kwenye nyumba ile ya kwanza mimi nilifanya kama nilivyofundishwa shuleni. Nikainama, nikasema, "Asante sana, mama." Yule mwanamke akarudisha mkono kama ameungua. Mama yangu akanifinya hapa, chini ya kwapa, pale ambapo kelele haitoki. Nje akanieleza. Mbegu haishukuriwi. Ukisema asante umemaliza, umefunga mlango, na mbegu ya mlango uliofungwa haioti. Unapokea, unanyamaza, unapanda. Siku ukivuna unarudisha konzi. Huko ndiko kushukuru.

Mchanganyiko ukarudi. Haukuwa ule ule. Rangi moja ya zambarau hatukuipata tena, na iko rangi tulizopata ambazo hatukuwa nazo. Mama akasema, "Sawa. Hata watoto hawarudi wakiwa vilevile."

Mimi nikarudi mjini, na aibu yangu nikaigeuza kiburi, kwa sababu kiburi ni kizuri zaidi kuvaa. Mwaka uliofuata nikaja kuaga, nikasema sirudi tena kilimani, natafuta maisha. Watu hapa Durban wakiniuliza kwa nini nilitoka, nasema vita. Si uongo, vita ilikuja, ikatufukuza sote. Lakini mimi ilinikuta nimeshafunga mzigo. Nakuambia hivi ili ujue: mtu anaweza kuwa mkimbizi kweli, na bado akawa alikuwa anakimbia kitu kingine kabla.

Siku ya kuondoka mama alinisindikiza mpaka kwenye jiwe la njia panda. Pale akafungua ncha ya kitenge chake. Humo alikuwa amenichanganyia maharage, kila rangi. Kwetu anayekwenda kuanza makao mapya hutoka na mbegu kutoka mkononi mwa mzazi, hata kama anakwenda kuwa askari au padri. Mimi nikaona aibu, gari la mizigo lilikuwa linasubiri, vijana wenzangu wanatazama. Nikasema, "Asante, mama. Lakini mjini maharage wanauza."

Nilijua ninachosema. Nilikuwa nimefinywa tayari. Lile "lakini" angelisahau. Neno la kwanza, lile asante, ndilo lililomfanya aniangalie. Alifunga kile kitenge tena, polepole, akaniuliza kama nimekula. Sikumwona tena. Mapendo ndiye aliyekuwa naye mpaka mwisho, na Mapendo ndiye aliyeingia kambini Tanzania na watoto mgongoni, na mwisho serikali ya Amerika ikamchukua yeye na mume wake Elie. Mkono mtupu na yeye, lakini wa kwake ulimwagwa na vita. Wa kwangu niliumwaga mwenyewe.

Sasa kule unakokwenda. Usifikiri ni shamba la shangazi yako tu, kama vile alishuka kwenye ndege akalikuta linamngoja. Ni shamba la bibi mmoja wa Kizungu, Dorothea, ambaye utamkuta bado yupo, kwenye nyumba kubwa ya mbao, anakula pamoja nao jioni. Babu wa baba yake ndiye aliyeilima nyika ile kwanza. Watu wake nao walitoka mahali, kwa meli, kwa njaa. Na wao waliita mashamba majina: pako Bahati ya Mjinga, ambapo babu alinunua wakati wa kiangazi akaja kugundua kwamba kila masika ni bwawa. Pako Ng'ombe Kipofu. Pako Harusi, walipouza mavuno yote kumwoza binti, na binti akarudi. Mapendo aliponisimulia kwenye simu nilicheka, nikasema, hawa ni watu wa kilimani kwetu, wamepauka tu.

Mapendo alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nyama, vidole vimeanza kukakamaa. Kanisani akaambiwa kuna bibi mjane amevunjika nyonga, anatafuta mtu wa kumsaidia asubuhi. Watoto wa Dorothea walikwenda mijini. Ardhi aliikodisha kwa jirani mwenye mashine, anapanda mahindi mpaka kwenye ukingo wa barabara. Bustani ya jikoni ilikuwa imekufa. Mapendo, kwa Kiingereza chake cha wakati ule, akaonyesha kidole: "Hapa, mimi, kulima?" Bibi akasema lima.

Akapanda mchanganyiko. Aliukusanya kwa wanawake wa kwetu waliotawanyika Amerika nzima, huyu konzi, yule konzi. Dorothea akatazama dirishani, akatoka na mkongojo wake.

"Mbona umezivuruga?"

"Hatujui mvua inakuja na hasira gani," Mapendo akasema, au alijaribu kusema.

Bibi akarudi ndani. Mapendo akadhani kazi imeisha. Kumbe amekwenda stoo, akarudi na chupa ya maharage yenye mistari, ya nyanya yake, yaliyokuja na ile meli. Yeye ndiye wa mwisho nyumbani mwao aliyekuwa akiyatunza, na alikuwa hajayapanda tangu mume afe. Akamtilia Mapendo konzi mkononi. Mapendo akapokea, akanyamaza.

Wewe unawajua Waamerika kwa sinema tu, mimi nawajua kwa maegesho. Mtalii wa Amerika ukimwonyesha nafasi ya gari anakushukuru kabla hujamaliza kunyoosha mkono. Basi fikiria. Dorothea akanuna miezi mizima. Akawaambia watu wa kanisa, mwanamke mzuri, mchapakazi, ila hajalelewa. Mpaka mavuno. Mapendo akampelekea mlangoni kikapu, na juu yake yale yenye mistari, amejaza. Akamwekea mapajani, akasema, "Sasa." Bibi wa watu akalia hapo barazani, na kuanzia siku ile wakawa wanagombana kama ndugu. Baadaye akawauzia kipande, na kipande kingine. Watoto wa Mapendo nao wamekwenda mijini. Mmoja anauza nyumba, mwingine ameoa kwenye mji usio na udongo. Kwa hiyo umeitwa wewe. Dorothea akikusimulia habari za watoto wake walioondoka, kaa usikilize mpaka mwisho, usitazame simu. Mimi nimo humo.

Baada ya ile siku ya mezani nilimpigia Mapendo, nimejaa. Nikamwambia, unaninyang'anya mtoto.

"Simnyang'anyi mtu," akasema. "Anakuja kwa mama yake. Wewe niambie jambo moja tu, Mwalimu. Atatoka kwako mkono mtupu, kama wewe ulivyotoka?"

Nikasema kule uwanjani hawaruhusu mbegu, wako na mbwa wa kunusa mabegi.

"Sijakuuliza habari ya mbwa," akasema.

Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua. Kile kipande cha Kwa Mwalimu, kule Iowa, ndipo anapopanda mbegu za nyumba, zile za kutunza kwa mwaka unaofuata. Nikamuuliza, umepaita jina la aibu yangu halafu unaweka pale kilicho bora? Akasema hata mama alifanya hivyo kilimani. Pale ndipo macho ya watu wote yalipokuwa, basi pale ndipo palipotunzwa kuliko kote. Mimi sikukaa kuona.

Nabintu, mimi nimesoma kidogo na kutazama sana. Kazi ya kulinda magari ni kazi ya kutazama. Ukiondoa jua na matusi, ni chuo. Pale Bluff, kwenye maegesho ya juu ya pwani, nimejifunza kumjua mtu kwa jinsi anavyoegesha. Anayeingiza gari kichwa kwanza amekuja kukaa. Anayeingia kinyumenyume, uso wa gari ukitazama barabara, huyo akili yake imeshaondoka, hata kama mwili utakaa mchana kutwa. Nilikuwa nawacheka hao. Kisha juzi, baada ya maneno yako, nikasimama pale nikajiona. Katika Durban hii nimeishi kinyumenyume. Wewe umezaliwa hapa, umesoma hapa, unaota ndoto kwa Kizulu, nimekusikia. Na baba yako bado uso wake uko barabarani. Nyuma ya nyumba yetu hapa Cato Manor uko mteremko ambao Gogo, bibi yetu mwenye nyumba, ametuambia tangu tuingie, limeni. Nikawa namjibu, Gogo, sisi tunapita tu. Nimepita tu mpaka mvi zimetoka.

Basi nimekwenda kuomba mbegu. Mimi, ambaye napokea sarafu dirishani na kusema ubarikiwe bila kuona haya, kuomba maharage kulinishinda kuliko vyote.

Nilianza mjini, kwa Mama Zawadi, saluni kwake. Akanicheka mbele ya wateja wenye vichwa nusu vimesukwa. "Baba Nabintu leo anaomba maharage! Sombe ya muhogo imeisha Durban?" Nikakaa, nikamuuliza hali ya watoto. Nikauliza hali ya mgongo wa mume wake. Akaacha kucheka, akanitazama, ni mtu wa kwetu, akajua. Akaacha kichwa cha mteja, akaingia nyuma, akatoka na meupe na ya njano ambayo dada yake alimletea. Sikusema kitu. Na yeye hakusema kitu. Mteja mmoja Mzulu akasema, "Hawu, hawa watu hawana adabu."

Yule Mzee Athumani, wa wale Wazanzibari walioko Durban tangu enzi za mababu, anayekuja Bluff kila Ijumaa kukaa ndani ya gari lake na kutazama tu, alizaliwa pale pale, kabla serikali ya zamani ya Wazungu haijawahamishia Chatsworth. Nilimsikia siku zote akisema nyanya yake alilima kunde pale ambapo sasa ni lami. Nikamuuliza kama ziko bado. "Ziko Chatsworth, nyuma ya jiko langu," akasema. "Nilidhani hakuna mtu atakayeniuliza." Ijumaa iliyofuata akanipa kupitia dirishani, kwenye kiganja kilekile nilichozoea sarafu. Kunde si maharage, najua. Mama yangu angezipokea.

Na Gogo. Nilibisha hodi, akafungua na aproni. "Baba kaNabintu, choo kimeziba tena?" Nikasema hapana, Gogo, natafuta ubhontshisi, maharage ya kupanda, ule mteremko wa nyuma. Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Miaka yote ulikuwa unapita," akasema. "Umefika?" Akanipa yale yenye madoa, na jembe akaniazima, na akaniambia nisiguse madumbe yake, yale magimbi ya kando.

Nimeyachanganya jioni hii juu ya meza, mama yako akijifanya anapiga pasi. Sikujua kipimo. Mikono yangu imeweka, imerudisha, imeongeza, kama nilivyomwona mama akifanya. Rangi ya zambarau haimo. Sijui kama ni sawa. Yamo kwenye sahani ya bluu, chini ya kitambaa.

Hutayabeba, kwa sababu ya yule mbwa. Kule utapokea mengine mkononi mwa shangazi yako, na yatafaa. Lakini konzi ya kwanza lazima itoke kwa mzazi. Asubuhi, kabla gari halijaja, toka nyuma. Jembe liko kando ya mlango. Nitalima mimi, na utanicheka, mgongo wangu umesahau. Halafu nitakuwekea mbegu mkononi, uzitie ardhini hapa, na mimi nitabaki nazo, uso wa gari ukitazama ukuta. Siku utakaporudi, utakuta zimegawanyika kwa majirani.

Mama yako atakuwa anapiga kelele kwamba tunachelewa. Mwache. Wewe kinga mikono. Na ukisikia lile neno la adabu linapanda mdomoni, limeze, mama.

Niulize tu kama nimekula.

Papa yako,
Mwalimu